Kopo la Maua Mekundu

Alimwaga maziwa ya mwanangu kwenye sinki huku ananiangalia. Hilo nataka ulijue kwanza, kabla sijakurudisha nyuma kwenye mambo ya utotoni. Chupa ya kwanza ilikuwa imeshakwisha nilipoingia kwenye jiko la wafanyakazi. Ya pili alikuwa ameiinamisha, maziwa yanashuka taratibu kama mtu anayemwagilia bustani. Supavaiza wangu, mwanamke kama mimi, mama wa watoto wakubwa, kaishika ile chupa kwa vidole viwili kama kaokota panya.

"Haina jina," akasema. "Kitu kisicho na jina kwenye friji kinatupwa. Sheria unaijua."

Hoteli nzima, kuanzia kufulia mpaka mapokezi, anayenyonyesha ni mimi peke yangu. Alijua ni ya nani. Ni yeye aliyenipangia nikamulie kwenye stoo ya sabuni, mlango hauna komeo, akawa anaufungua nikiwa kifua wazi, eti anatafuta ndoo. Nikanyamaza. Akasema nikamue wakati wa chakula tu, nikanyamaza, nikawa nakula ndizi nimesimama. Lakini kuyaona maziwa yanaingia kwenye tundu la sinki pamoja na majani ya chai ya watu, hapo uvumilivu ulinikatika. Nilipiga kelele mpaka mpishi akazima redio. Sitaandika yote niliyosema kwa sababu mama yangu atasoma.

Mwenzangu tunayefua naye, Mkenya, alikuja mbio kunivuta aproni. "Aki nyamaza, wee! Utafutwa kazi. Twende nje, mami, twende upoe."

Nikaivua ile aproni, nikaitupa kwenye sinki juu ya maziwa ya mwanangu, nikatoka. Saa za kazi bado.

Nilipanda treni ya mstari wa kijani pale Shaw, katikati ya Washington. Kawaida nakwenda nayo mpaka mwisho wa reli, halafu basi la Beltsville, tunakokaa mimi, mwanangu na mama yangu. Siku ile hakuna aliyenitegemea mapema. Mtoto alikuwa na mama, na maziwa ya mchana yalikuwepo nyumbani. Yaliyomwagwa yalikuwa ya kesho yake. Matiti yalikuwa yamejaa, blauzi imeanza kulowa, nimekunja mikono kifuani, na sasa ilikuwa inakuja ile hofu inayofuata hasira. Kodi ya nyumba. Bima ya mtoto. Meneja atasemaje. Nikashuka kabla ya kituo changu bila kupanga, na miguu ikanipeleka yenyewe Riverdale Park, kwenye nyumba ambayo sijaikaribia tangu niwe mtu mzima.

Nikueleze hiyo nyumba.

Mama yangu alikuwa mlezi wa wazee, kama akina mama wengi wa kwetu huku Maryland. Anawaogesha, anawapikia, anawakumbusha dawa. Kampuni iliyompa kazi ilikuwa na sharti kubwa: mlezi haji na mtoto. Nilikuwa na miaka saba. Jirani aliyekuwa ananishika baada ya shule alihamia jimbo lingine ghafla, na mama hakuwa na mtu, na kitu kingine ambacho hakuwa nacho ni makaratasi. Mimi nilizaliwa hapa, sina shida. Yeye viza ilikuwa imekwisha zamani. Kwa hiyo nyumbani kwetu hatukufungua mlango ukigongwa. Simu tulikuwa tunaiacha ilie.

Mgonjwa wake alikuwa mzungu mzee aliyekaa peke yake. Tukamwita Bibi, na mimi sikuwa na bibi mwingine karibu, kwa hiyo alikuwa Bibi kweli. Mtu mwembamba, nywele nyeupe amezikata fupi kama mvulana, vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki. Siku ya kwanza alimuuliza mama anatoka wapi. Mama akajibu kama tunavyojibu wote: Tanzania. Wapi Tanzania? Arusha. Wapi Arusha? Mama akashangaa, maana hakuna mzungu anayeuliza mpaka huko. Akasema Tengeru. Bibi akaweka kijiko chini.

"Tengeru kuna makaburi ya watu wangu," akasema.

Na ni kweli. Mama alikua anapita karibu na makaburi yale akienda sokoni, misalaba imepangwa vizuri, na wakubwa walikuwa wanawaambia watoto ni ya Wapolandi, wakimbizi wa vita kuu ya pili walioletwa na Waingereza wakajengewa kambi pale. Bibi alikuwa Mpolandi. Yeye hakufika Tengeru. Yeye alibaki kwao, Warsawa. Lakini tangu siku hiyo mama hakuwa tena mfanyakazi aliyetumwa na kampuni. Alikuwa mtu wa kwao, kwa njia ambayo hata sasa siwezi kukueleza vizuri. Na mama alipomwambia kwa kujiumauma kwamba ana mtoto na hana pa kumwacha, Bibi hakufikiri hata kidogo.

"Aje. Tutamficha. Mimi kuficha watu nimesomea."

Alikuwa msichana wa shule Wajerumani walipouchukua mji wao. Kazi aliyopewa na watu waliokuwa wanapigana kwa siri ilikuwa kubeba maneno. Hakuna karatasi. Unaambiwa neno, unaliweka kichwani, unatembea mpaka nyumba fulani, unalitoa, unalisahau. Alikuwa na jina la uongo, na alilizoea hadi akawa anaitikia haraka kuliko lile alilobatizwa. Na nyumba iliyo salama iliweka kopo la maua dirishani. Kopo likiondolewa, usiingie. Usisimame wala usigeuze shingo, pita kama nyumba haikuhusu.

Siku moja kopo lilikuwepo na nyumba haikuwa salama. Hapo ndipo alipokuwa anaishia, kila mara. Anaangalia vidole vyake, anasema, "Basi, mwaga chai."

Ile mbinu akaileta Riverdale Park kwa ajili yangu. Msimamizi wa kampuni alikuwa anakuja kukagua bila taarifa, anakaa, anapekua kabati za dawa, anaondoka. Bibi akachukua kopo la zamani la biskuti, limejaa udongo na mmea wenye maua mekundu na majani yanayonuka ukali ukiyasugua, akaliweka kwenye dirisha linalotazama barabara. Nikitoka shule nakuja hadi kona. Kopo lipo, naingia. Kopo halipo, napita moja kwa moja mpaka maktaba, nakaa na vitabu, narudi baadaye kuangalia tena.

Alinifundisha kutembea. Unacheka, lakini alinifundisha. Alisimama barazani na fimbo yake, mimi napanda na kushuka barabara, na mama yuko mlangoni na kitambaa cha vumbi mkononi, anataka kucheka na anaogopa kucheka.

"Usikimbie! Anayekimbia anajitangaza," Bibi alikuwa anasema. "Na usitembee polepole kama mwizi. Tembea kama mtu aliyetumwa vitunguu."

Mpaka leo najua kutembea hivyo. Uso mtupu, mikono inaning'inia, akilini vitunguu tu.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na joto na harufu nzuri. Bibi alikuwa anapika supu ya bitiruti, nyekundu mpaka ulimi unabaki na rangi, na vitu fulani vya unga vilivyokunjwa na viazi ndani, vinachemshwa kwenye maji. Mama alivionja mara ya kwanza akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, "Hizi ni sambusa zilizokosa mafuta." Bibi akauliza amesema nini. Mama akasema, "Nimesema tamu sana." Baadaye mama akaanza kuzikaanga kwa siri, na Bibi akala, na akanyamaza, na hatukuona tena zilizochemshwa. Kazi zangu zilikuwa kumwagilia lile kopo, kupaka mafuta ile mikono yake, na kupanga viatu mlangoni. Maana mama hakubali mtu akanyage zulia na viatu, hata kama zulia si lake. Alimvua Bibi viatu siku ya kwanza kabisa akamletea kandambili. Zikawa tatu pale mlangoni, zimejipanga: za Bibi za bluu, za mama nyeusi, zangu za rangi ya waridi zenye ua la plastiki.

Reli haikuwa mbali. Treni ya mizigo ikipita, vikombe vinatetemeka kwenye kabati, na Bibi anakatiza sentensi katikati, anafunika kikombe chake kwa kiganja mpaka behewa la mwisho liishe. Halafu anaendelea pale pale alipoachia. Mimi nikaanza kufanya hivyo hivyo. Mama pia. Ungetuona sisi watatu, kila mmoja na kiganja juu ya chai, kimya, tunaisubiri treni ipite.

Baada ya vita alikuja Marekani, akapiga taipu kwenye ofisi za mjini, na jambo lililomuudhi ni kwamba wanaume aliowapigia taipu hawakuwa na ushujaa hata wa kuvuka barabara, na wao ndio waliomwita msichana. Hasira ile haikumtoka. Aliandamana kwa ajili ya mishahara ya wanawake, na kwa ajili ya wanawake waliokuwa wanapigwa na waume zao. Chumba cha juu cha nyumba ile kilikuwa na kitanda kilichotandikwa saa zote. Wanawake walikuja wamebeba watoto na mfuko mmoja wa plastiki, na kopo la maua lilifanya kazi ile ile: lipo, panda, halipo, mume wako yuko mtaa huu, pita. Wakati wangu mimi hawakuwa wanakuja tena, lakini kitanda kilikuwa bado kimetandikwa, na mama alikuwa anabadilisha mashuka yake bila kuambiwa.

Kilichobaki ni wazee wenzake. Walikuja na keki na mabango, wanabishana kwa sauti kubwa kuliko watu wa soko la Tengeru, mama anasema. Mimi nilikuwa chini ya meza na kalamu za rangi, najaza herufi. Harufu ya zile kalamu ikinifikia hata sasa, nasikia vishindo vya fimbo sakafuni. Siku moja Bibi akataka kunichukua kwenye maandamano mjini. Mama alisimama mlangoni kabisa.

"Hapana, Bibi. Kuna kamera."

"Ni mtoto. Nani atamwuliza mtoto?"

"Atapigwa picha. Picha itaonekana. Wataniuliza huyu wa nani."

Bibi alichukua fimbo yake. Hakubishana. Alikwenda peke yake, na sisi tukakaa mbele ya televisheni tunaitafuta fimbo yake kwenye umati, mama akiwa amefunga mapazia.

Sasa nikueleze siku ya kandambili.

Nilifika kona, kopo halipo. Nikapita. Maktaba nikakaa, nikarudi, halipo. Nikaenda mpaka barabara kubwa, nikapita kwenye duka la akina mama wa El Salvador, harufu ya mikate yao ya mahindi inanitoa mate, nikazunguka, nikarudi. Dirisha tupu. Kulikuwa na upepo wa baridi na nilikuwa nimevaa sweta tu. Haijawahi kuchukua muda mrefu vile. Nilianza kufikiria mambo ambayo mtoto hapaswi kufikiria: kwamba wamemchukua mama, kwamba nitakuja kesho nimkute Bibi peke yake, kwamba nitalala wapi. Nilitaka kukimbia. Sikukimbia. Nilitembea na vitunguu vyangu kichwani mpaka taa za barabarani zikawaka, na ndipo mlango ukafunguka akatoka mama. Kashika mkoba wake mkono mmoja. Mkono mwingine mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko naona rangi ya waridi.

Niliambiwa baadaye ilivyokuwa, na Bibi mwenyewe. Msimamizi alikuja, Bibi akaondoa kopo haraka, kila kitu kikaenda sawa. Dawa sawa, jiko safi, akasifia hata chai. Mama alikuwa amemvua viatu mlangoni kama anavyomvua kila mtu. Basi wakati wa kuondoka msimamizi akainama kuvaa, uso wake ukawa karibu na sakafu, na pale mbele ya pua yake kandambili tatu zimejipanga kwa heshima zote. Kubwa, kubwa, ndogo yenye ua.

"Hizi za nani?"

Na Bibi, aliyewadanganya askari wa Kijerumani bila kupepesa macho, akajibu, "Zangu."

Msimamizi akaangalia miguu ya Bibi, iliyovimba kama mikate. Akaangalia kandambili. Akaandika.

Mama aliondolewa kwenye nyumba ile siku hiyo hiyo. Wakampa mgonjwa mwingine, mbali, ng'ambo ya mto, Virginia, na onyo. Bibi alipiga simu nyumbani kwetu, na kwa mara ya kwanza mama alipokea. Nilisikia sauti ya Bibi kutoka upande mwingine wa chumba. Anataka kupeleka malalamiko. Anasema mteja ni yeye, nyumba ni yake, atakayeingia mlangoni anaamua yeye, ataandika na ataeleza kila kitu. Mama alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye friji.

"Bibi, nakuomba. Jina langu usiandike. Nakuomba sana."

Halafu Bibi akasema sawa. Alipeleka malalamiko yake bila jina la mama, na malalamiko yasiyotaja mtu hayakumrudisha mtu. Walimjibu kwa adabu. Wakamletea mlezi mwingine.

Tuliendelea kumtembelea Jumapili, kama wageni, mama anapika, halafu zikawa Jumapili chache, halafu chache zaidi. Moja ya hizo, mama yuko jikoni, Bibi alinivuta karibu. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu.

"Wakati wa vita jina linafichwa," akaniambia. "Vita ikiisha, jina linaandikwa juu kabisa, kubwa, mtu asome. Mama yako bado yuko vitani. Simlaumu. Lakini wewe usikae vitani maisha yako yote."

Sikumwambia mama. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua hilo si la kusema.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Tulikwenda kanisani, tukakaa benchi la mwisho. Kulikuwa na wanawake wengi, wengine na watoto wao watu wazima, na nilijiuliza wangapi walilala kwenye kile kitanda cha juu. Watu walipoanza kupanga foleni kuandika majina kwenye kitabu cha wageni, mama alinishika mkono tukatokea mlango wa pembeni.

Maana zile kandambili zilimfanya mama kuwa mtu mwingine. Tangu siku ile hakuna kiatu kilichobaki mlangoni kwetu. Viatu vinakaa chini ya kitanda. Kifurushi kikija, anakwangua jina kwa ukucha kabla ya kutupa boksi. Chupa za dawa, hivyo hivyo. Nilikwenda shule na begi lisilo na jina, na nikilipoteza, limepotea. Makaratasi alikuja kuyapata, namshukuru Mungu, ana kitambulisho, ana kila kitu. Ila mwoga alibaki yule yule.

Basi nikasimama mbele ya nyumba na yunifomu yangu imelowa kifuani. Nyumba wameipaka rangi nyeusi, siku hizi ndiyo fasheni. Baraza alilosimama Bibi na fimbo limevunjwa, kuna ngazi za chuma. Mlangoni kengele yenye kamera. Dirisha lile lile lina pazia la plastiki limeshushwa mpaka chini. Lile duka la mikate ya mahindi, nimepita, sasa wanauza kahawa. Treni ikapita, na mkono wangu ukainuka wenyewe kufunika kikombe ambacho hakipo. Dada mmoja mwenye mbwa akasimama akaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Upole ule unaujua, ule unaomaanisha unafanya nini hapa.

Nikasema hapana, asante. Nikageuka nikaanza kuondoka. Na nilikuwa nimefika kona nilipogundua mwendo wangu. Uso mtupu. Mikono inaning'inia. Vitunguu.

Nikasimama. Nani ananifukuza? Mimi nimeiba nini?

Nilifika Beltsville, nikavua viatu, nikavibeba mpaka chini ya kitanda kama kawaida yetu, nikamchukua mwanangu. Alinyonya kama mtu aliyetoka safari. Mama alikuwa anakunja nguo. Nikamuuliza, maana kulikuwa na kitu kinanisumbua tangu kwenye treni. Jana yake jioni niliandika jina la mtoto kwenye kibandiko, kwa wino mweusi, nikabandika kila chupa. Yeye ndiye anayenifungia mkoba asubuhi, na kule stoo nilikamua mbiombio, jicho mlangoni, chupa sikuzitazama.

"Mama, vile vibandiko kwenye chupa viko wapi?"

"Nilivibandua."

"Kwa nini?"

"Ya nini kutembeza jina la mtoto mjini?"

Sikupiga kelele. Kelele zote nilizimaliza kule. Nilimweleza, polepole, sinki, chupa, haina jina. Alishika shati dogo la mtoto, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Basi wamemwaga kwa sababu yangu," akasema.

"Hapana. Chupa za maziwa ya mama, hoteli nzima ananyonyesha mmoja. Alijua. Wamemwaga kwa sababu wameona hatusemi."

Nikaweka karatasi mezani, niandike malalamiko ya kazini. Akaja kusimama nyuma yangu.

"Usiweke jina. Andika tu mfanyakazi."

"Bibi aliniambia wewe bado uko vitani."

Nilijuta neno lilipotoka. Mama alinyooka.

"Alisema hivyo? Yeye alikuwa na pasipoti, mwanangu. Angekuwa mimi angenyamaza kama mimi." Akaenda chumbani. Nikamsikia anavuta kitu chini ya godoro. Nikaendelea kuandika, mtoto kalala kifuani. Naogopa, sikufichi. Wakinifukuza, kodi inalipwa na nini? Yule Mkenya nilimpigia awe shahidi, akasema, "Nakupenda, mami, lakini mimi niko na watoto pia." Sikumlaumu.

Mama alirudi na kitambulisho chake mkononi. Akakiweka juu ya meza mbele yangu, karibu na taa.

"Anayejua majina yalikuwepo ni mimi," akasema. "Andika mimi."

"Niandike mama?"

"Andika jina langu lote. Angalia hapo usikosee herufi."

Malalamiko niliyapeleka kesho yake, nakala kwa uongozi wa hoteli na nakala kwa ofisi ya serikali inayoshughulikia haki za wafanyakazi. Niliyaandika kwa Kiingereza. Hapa nayaweka kwa Kiswahili ili mama ayasome mwenyewe.

*

MALALAMIKO RASMI

Mimi ni mfanyakazi wa chumba cha kufulia, zamu ya asubuhi. Ninamnyonyesha mtoto wangu.

Supavaiza wa zamu yangu alichukua chupa mbili za maziwa niliyokamua kutoka kwenye friji ya wafanyakazi akayamwaga mbele yangu. Sababu aliyotoa ni kwamba chupa hazikuwa na jina. Ni kweli hazikuwa nalo. Niliandika majina, yakabanduliwa nyumbani. Lakini alijua ni za nani, kwa sababu mimi ndiye mfanyakazi pekee anayenyonyesha, na hakuniuliza.

Kabla ya hapo nilipewa stoo ya sabuni kama mahali pa kukamulia. Haina komeo. Supavaiza aliingia nikiwa nimevua, zaidi ya mara moja. Nilikatazwa kukamua nje ya muda wa chakula.

Nilipiga kelele kazini na niliondoka kabla ya muda. Hilo nalikubali na niko tayari kuulizwa.

Ninadai: chumba chenye komeo ambacho si stoo wala choo, muda wa kukamua unaotolewa na sheria, sehemu ya friji isiyoguswa, na jibu la maandishi. Nisifukuzwe wala kupunguziwa zamu kwa kuandika haya.

Majibu yaandikwe kwa majina yetu, kama yalivyo hapa chini.

Mlalamikaji: MIRIAM ANAELI MBISE, mama wa mtoto.

Shahidi: NDEANASIA ELIREHEMA KAAYA, bibi wa mtoto.